Watu Waliovushwa Bahari na Majina Yao

Zamani Waingereza walikuwa na desturi ya kuwavusha wahalifu wao ng'ambo ya bahari. Mtu akiiba kondoo au nguo katika Uingereza, alihukumiwa, akatiwa merikebuni pamoja na wenziwe, akapelekwa Australia, safari ya miezi mingi, akafanye kazi huko miaka 7, au 14, au mpaka kufa kwake. Kundi la kwanza lilifika mwaka wa 1788, na merikebu ya mwisho ilifika mwaka wa 1868. Katika miaka hiyo 80 walipelekwa watu zaidi ya 160,000, wengi wao maskini wasiojulikana na mtu illa jirani zao. Walakini kila mmoja aliandikwa. Karani alimpima kimo, akaandika rangi ya macho yake na nywele zake, makovu yake, michoro aliyochanjwa mwilini, kazi aliyoijua, kosa lake, na kila adhabu aliyopewa. Madaftari hayo yametunzwa, na hata leo kitukuu cha mwizi wa kondoo aweza kuyafungua akajua kama babu yake alikuwa mrefu au mfupi.

Katika Afrika ya Mashariki pia wako watu wengi waliovushwa bahari, ambao habari zao hutafutwa katika karatasi za Waingereza. Lakini hawa hawakuiba kitu. Wao wenyewe ndio walioibwa.

Mtu asimamapo pwani ya Kendwa, karibu na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mbele yake ni bahari ambayo majahazi yalipita kutoka bara kuleta watumwa Unguja na Pemba kwa kazi ya mashamba ya mikarafuu. Na mengine yaliendelea kwa upepo wa kusi mpaka Arabuni. Tarehe 5 Juni mwaka wa 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza. Kuwachukua watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa kabisa, na soko la watumwa la mjini Unguja likafungwa. Hata kabla ya hapo manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyokwenda Arabuni. Baada ya mkataba kazi hiyo ikazidi. Manowari moja ya kale, jina lake London, ilikaa bandarini Unguja tangu mwaka wa 1874 hata mwaka wa 1883, na mashua zake zilizunguka usiku na mchana kuvizia majahazi ya Unguja na Pemba.

Basi, nahodha wa manowari akikamata jahazi, hakuweza kwenda zake tu. Ilimpasa kuthibitisha, mbele ya baraza la hukumu katika nyumba ya balozi wa Kiingereza mjini Unguja, kwamba jahazi lile lilichukua watumwa kweli. Balozi akikubali, watu waliwekwa huru, na jahazi likavunjwa au likachomwa moto. Tena Serikali ya Kiingereza ilimlipa nahodha na mabaharia wake zawadi: paundi 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa. Kama watumwa walikuwa wachache, au hawakuonekana, zawadi iliweza kuhesabiwa kwa ukubwa wa jahazi.

Jambo hili la fedha laeleza mengi. Ndiyo sababu karatasi za manowari zinaandika urefu na upana wa jahazi kwa futi na inchi, zinaandika siku, mahali, na jina la mashua iliyokamata. Lakini watu waliokuwamo huandikwa mara nyingi kwa hesabu tu, wanaume kadha wa kadha, wanawake kadha wa kadha, watoto kadha wa kadha. Kwa malipo ya zawadi kichwa kimoja kilikuwa sawa na kingine, na jina halikuongeza hata senti moja. Mwizi wa London alikuwa na bahati kumpita mtoto wa Nyasa katika jambo hili, kwa kuwa mlinzi wake alitaka kumtambua akitoroka, kwa hiyo akamtazama vizuri usoni.

Lakini mtu aliyewekwa huru hakuachwa pwani. Ilikuwa lazima aende mahali, na kila mahali alipokwenda palikuwa na mwandishi mwingine mwenye haja nyingine. Hapo ndipo habari zinapoanza kupatikana. Wengine walipelekwa Aden, wengine Bombay katika Bara Hindi. Visiwa vya Shelisheli vilipokea zaidi ya watu 2,000 tangu mwaka wa 1861. Kuanzia mwaka wa 1875 wengi walipelekwa Freretown, karibu na Mombasa. Na tangu mwaka wa 1873 mpaka 1880 watu 500 hivi walitolewa Unguja wakapelekwa Durban, katika nchi ya Natal, Afrika ya Kusini.

Habari ya hawa wa Durban yastahili kusimuliwa, maana karatasi imewafuata tangu siku ya kwanza. Walipofika waliandikiwa mikataba ya kazi ya miaka 5, kama Wahindi waliokwenda kulima miwa, wakatiwa katika mikono ya ofisi ileile iliyowasimamia Wahindi. Wengi wao walikuwa Wamakua, asili yao Msumbiji. Lakini kwa kuwa merikebu iliwapakia Unguja, watu wa Natal waliwaita Wazanzibari, na jina hilo likawaganda. Jina la bandari likawa jina la kabila. Wengi walikuwa Waislamu. Mikataba ilipokwisha walikaa pamoja katika mahali paitwapo King's Rest, upande wa Bluff, wakajenga msikiti, wakawafundisha watoto wao Kimakua. Hata katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ikiwapanga watu wote wa Afrika ya Kusini kwa mafungu, hawa hawakuwekwa katika fungu la Waafrika, bali la watu wa Asia. Wakahamishwa kwa lazima kupelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Wajukuu wao wako huko hata leo, na wengine wametafuta katika madaftari ya zamani majina ya babu zao waliopanda merikebu Unguja.

Na kutafuta majina si kazi rahisi. Mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha Wayao alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Alipouzwa pwani, tajiri alimpa jina jipya: Farajallah, yaani faraja ya Mungu, au Mabruki, mwenye baraka, au Feruzi, ambalo ni jina la jiwe la thamani. Alipookolewa na kuingia katika mji wa misioni, akabatizwa, alipata jina la tatu. Mwaka wa 1864 Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer, aliyekuwa amefika Unguja karibuni, watoto wa kiume 5 waliotolewa katika jahazi. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa askofu huyo yamo majina kama John Swedi, George Farajallah, Robert Feruzi na Francis Mabruki. Katika kila moja neno la kwanza limetoka kisimani pa ubatizo, na la pili limetoka katika utumwa. Lile la nyumbani halimo. John Swedi alifanywa shemasi mwaka wa 1879, kwa hiyo maisha yake ya ukubwani yameandikwa sana. Yale ya utotoni yako nyuma ya jina ambalo daftari halikuliuliza.

Tena makarani wa Kiingereza waliandika kama walivyosikia kwa masikio yao. Mabruki huandikwa Mabrook, na mtu mmoja aweza kuandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Kwa hiyo mtafutaji hasomi jina kwa macho tu, bali hulisoma kwa sauti, kisha hulinganisha siku, merikebu, umri na kabila. Umri nao ulikisiwa tu. Mtoto wa miaka 9 katika karatasi ya manowari aweza kuwa wa miaka 12 katika daftari la ubatizo la mwaka uleule.

Katika chuo cha Kiungani, kusini ya mji wa Unguja, wavulana wengi walikuwa wamepita njia hiyo. Mwalimu wao, A. C. Madan, aliwataka waeleze kwa maneno yao wenyewe jinsi walivyotoka kwao mpaka wakafika hapo, akayafasiri masimulizi yao kwa Kiingereza na kuyapiga chapa katika kitabu mwaka wa 1887. Humo, yule aliyekuwa hesabu katika karatasi ya nahodha ana baba, ana mto aliouvuka, ana siku ya vita aliyoshikwa.

Habari ya namna hiyo iliyo maarufu kuliko nyingine ni ya msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema. Baba yake aliuawa na simba. Mama yake, mjane, alikopa nafaka, akashindwa kulipa, na mwenye kumwia akamchukua Swema badala ya deni, akamwuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka pwani. Mama hakukubali kuachana naye, akaomba kufuatana na msafara. Njiani nguvu zikamwishia. Akaachwa, na mtoto akalazimishwa kwenda mbele. Yapata mwaka wa 1865 Swema alifika Unguja, amekonda, amekaribia kufa. Mwenye mali akaona hana faida tena. Akavingirishwa mkekani, akazikwa kwa kina kifupi angali hai. Kijana mmoja aliyepita karibu na makaburi alisikia sauti ya kuugua, akafukua, akampeleka kwa masista wa misioni ya Kikatoliki mjini. Akapona.

Masimulizi yake yaliandikwa na padre mmoja kwa Kifaransa, yakatolewa katika Ufaransa mwaka wa 1870. Na hapa msomaji awe na hadhari kidogo. Kitabu kile kilikusudiwa kuwagusa watu wa Ulaya mioyo yao ili watoe sadaka, na msichana mdogo wa Kiyao hasemi maneno marefu ya kitabuni. Mwanahistoria Edward Alpers ameyachunguza masimulizi hayo, akayalinganisha na habari nyingine za Wayao na za misafara ya siku zile, ili kupambanua yaliyo ya Swema na yaliyo ya mwandishi wake. Deni la nafaka, mjane asiye na wa kumtetea, mtoto kuchukuliwa rehani: mambo hayo padre hakuwa na haja ya kuyabuni. Ndivyo watu walivyouzwa hasa.

Ziko na karatasi za nchi kavu. Mwaka wa 1860 Balozi Rigby aliwaweka huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza, akawaandikisha kwa majina na kuwapa hati za uhuru. Kisha tarehe 6 Aprili mwaka wa 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitangaza kwamba utumwa hautambuliwi tena kwa sheria katika Unguja na Pemba. Walakini watumwa hawakuwa huru wote siku ileile. Aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende barazani kuuomba, na bwana wake aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuingia katika sheria hiyo mpaka mwaka wa 1909. Kwa hiyo aliyekwenda barazani ameandikwa, yeye na bwana wake na shamba lake. Aliyebaki shambani akaendelea kuchuma karafuu kwa mapatano na bwana wake wa zamani, daftari halimjui, ingawa labda alikuwa huru kama mwenzake. Sehemu kubwa ya karatasi hizi imo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani.

Na wako wale walioshushwa usiku katika pwani zisizo na mashua ya mzungu, ambao hakuna nahodha aliyewahesabu. Walioa, wakazaa, wakazikwa. Hao mara ya kwanza kuandikwa, wao au watoto wao, ilikuwa katika hesabu za watu zilizofanywa na serikali baada ya mwaka wa 1920, ambapo kila mtu aliulizwa kabila lake. Hapo jambo liligeuka, kwa maana safari hii aliyeulizwa ndiye aliyechagua la kusema. Mwaka wa 1924 maelfu ya watu walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka wa 1931 Waswahili walikuwa wamepungua mno, na Wahadimu, Watumbatu na Washirazi wamezidi. Anayesoma madaftari hayo mawili pasipo kujua habari za nyuma angedhani kabila zima limekufa kwa tauni katika miaka 7. Hakuna aliyekufa kwa tauni. Watu walikuwa wakiishi katika nyumba zilezile na kulima mashamba yaleyale. Karani alipobisha hodi, wakamtajia jina walilolitaka.