Je, Wajua? Neno Moja, Maana Zaidi ya Mia Sita

Kitenzi cha Kiingereza "run", ambacho maana yake ya dhahiri ni kwenda mbio, Waingereza hukitumia pia kwa mto utiririkao, mashine ifanyayo kazi, wino utambaao karatasini, mtu agombeaye uchaguzi na tajiri aendeshaye duka lake. Katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la 1989, neno lililotamalaki lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Lakini baadaye mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, baada ya kulidurusu neno "run" kwa takriban miezi 9, alikihesabia kitenzi hicho maana 645. Basi, ewe mwanafunzi wa lugha, usilihukumu neno kabla hujaidiriki sentensi yake yote.