Nani kasema sanaa dhahania ni ya Wazungu?

Msimamishe mtu mbele ya mchoro wenye mistari, duara na rangi tu, usio na uso wa mtu, mti wala jahazi, utamsikia: "Sasa hii ni picha ya nini?" Ukimjibu kwamba si picha ya kitu chochote, atacheka. Mwengine atakwambia hata mwanawe wa chekechea angeuchora. Kisha mtu huyohuyo atarudi kwake Jang'ombe, Unguja, atavua viatu mlangoni, ataketi juu ya mkeka wenye miraba ya zambarau na kijani, mkewe kajitanda kisutu, kofia yake ya mkono iko juu ya kabati, na upepo unampata kupitia dirisha lenye grili ya vyuma vilivyopishana kwa hesabu. Katika vyote hivyo hakuna hata kimoja atakachokiuliza ni picha ya nini. Anavipenda tu, na akipelekwa dukani atakichagua kizuri na kukiacha kibaya bila ya kufundishwa na mtu.

Hapo ndipo penye hoja ya makala hii. Tumezoea kuambiwa kwamba sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga sura ya kitu, ilizaliwa Ulaya na kwamba sisi ni wageni kwayo. Historia inasema vyengine, na ushahidi mwingi umetandikwa chini tunapokaa.

Vitabu vingi huanzia kwa Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuwa akiishi Munich, Ujerumani. Kuanzia mwaka 1910 hivi alianza kuondoa milima, farasi na watu katika michoro yake mpaka zikabaki rangi na mistari, na mwishoni mwa 1911 akatoa kitabu cha kuutetea uchoraji wa aina hiyo. Mwaka 1915 mchoraji mwenzake, Kazimir Malevich, alionyesha mjini Petrograd mraba mweusi juu ya weupe, basi. Siku hizi wanahistoria wanamtaja pia Hilma af Klint wa Sweden, mwanamke aliyeanza michoro ya namna hii mwaka 1906, na akaagiza isionyeshwe hadi ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1944, ndiyo maana jina lake lilichelewa kusikika.

Lakini wachoraji wa zama hizo walijifunza kuona wapi? Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro mjini Paris, akakutana na vinyago vya Afrika, na uchoraji wake haukurudi tena ulikotoka. Mwaka 1910, katika mji uleule wa Munich alikoishi Kandinsky, yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za Kiislamu: mazulia, vyombo vya shaba, vitambaa na maandishi. Henri Matisse alifunga safari kutoka Ufaransa kwenda kuyaona, na miaka miwili baadaye akaenda Morocco. Mwaka 1914 Paul Klee alikwenda Tunisia, akarudi na michoro iliyogawika miraba ya rangi. Kwa hiyo hata huko kunakosemwa ndiko chanzo, jicho lilikuwa limeshakopa kutoka kwa watu waliokuwa wakipamba nyumba, nguo na misikiti bila ya kuchora viumbe.

Unguja ilikuwamo katika ulimwengu huo tangu zamani. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwenye mihrabu, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ukiyasogelea utaona kwamba mchongaji hakutosheka na kuandika. Ncha za herufi zimechipua majani, mikia imepanda juu na kujikunja, na nafasi baina ya herufi imepimwa kama vile nayo ni herufi. Msomaji wa kawaida wa Kiarabu hutatizika kuyasoma, lakini hakuna anayeingia mle akashindwa kuyaona ni mazuri. Ni maneno matukufu, na maana yake ni jambo la mwanzo. Hata hivyo mchongaji alijua kwamba umbo lenyewe, kabla halijasomwa, lina kazi yake moyoni.

Milango ya Mji Mkongwe ilifuata njia hiyo. Minyororo, mawimbi, mayungiyungi na mitende iliyochongwa kwenye miimo na mfaa imefupishwa mno hata nyengine haitambulikani tena kuwa ni mmea, imekuwa mdundo wa mashimo na vivuli. Hayo yameandikwa sana, na watalii huyapiga picha kila siku. Tuvuke barabara, twende Ng'ambo, upande wa pili wa mji.

Hori lililokuwa likiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo limefukiwa zamani, lakini mgawanyo umebaki katika vichwa vya watu: upande ule ni urithi, upande huu ni makaazi tu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo, haimo, na mgeni akilisikia jina lake aghalabu ni kwa sababu ya timu zake za mpira, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe. Hakuna anayeleta msafara wa watalii kuangalia ukuta wa matofali ya matundu au baraza iliyotandikwa mkeka. Na huku ndiko sanaa dhahania inakotumika, inakofuliwa, inakoanikwa na inakochakaa.

Chukua kisutu. Rangi zake ni tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hazizidi. Mjini mwake, yaani katikati ya kitambaa, kumejaa alama ndogondogo, vitone na vinyota na vimiraba, zilizopangwa safu kwa safu bila ya pengo la kupumzikia jicho, na pindo likazizunguka kwa mpangilio mwengine ulio mzito zaidi. Ukikitazama kwa karibu utahesabu alama moja moja. Rudi nyuma hatua chache, wekundu na weusi unaanza kuchanganyika na kitambaa kizima kinakuwa kama kinatikisika. Hakuna korosho hapo, hakuna jogoo wala embe kama katika kanga nyengine. Kisutu cha kikwetu aghalabu hata jina hakina, hakina methali ya kumpiga kijembe jirani. Kimebaki umbo na rangi, na bado ndicho kinachoheshimiwa kuliko zote. Harusi ikikosa kisutu, bibi wa bi harusi atauliza.

Na kanga yenyewe ina historia nzito huku Ng'ambo. Kabla ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897, mavazi ya mtumwa mwanamke yalikuwa merikani isiyotiwa rangi au kaniki nyeusi. Wengi wa walioachwa huru walihamia Ng'ambo, na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kujinunulia nguo zenye rangi na nakshi. Vitone na miraba ile haikuwa na picha ya uhuru, haikuandikwa neno uhuru. Lakini aliyeivaa na aliyemwona kaivaa wote walielewa. Kama kuna ushahidi kwamba nakshi isiyo na sura inaweza kubeba maana nzito, ni huo.

Mkeka nao unafaa kutazamwa unapotengenezwa. Ukindu hukatwa, huanikwa mpaka ukawa mweupe, mwengine ukachemshwa katika rangi, kisha ukachanwa nyuzi nyembamba. Msukaji huanza ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, na hapo nakshi haichorwi bali huhesabiwa: unyuzi wa rangi unapita juu ya ngapi na chini ya ngapi. Akikosea moja, kosa litatembea na ukili mpaka mwisho. Ukili ukishatimia huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo jambo la ajabu linapotokea, kwa sababu nakshi ya utepe mmoja inakutana na ya jirani yake na kuzaa umbo la tatu ambalo halikuwamo katika utepe wowote. Msukaji mzuri aliliona kichwani tangu ukili ungali mikononi. Mwanamke huyo huenda hajawahi kushika brashi, lakini anachokifanya, kupanga umbo na rangi mpaka vizungumze vyenyewe, ndicho walichokuwa wakikitafuta wale mabwana wa Munich na Petrograd.

Kofia ya mkono ni hivyohivyo, ila kwa subira zaidi. Nakshi huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha hutobolewa vitundu kwa sindano na kila kitundu hushonewa uzi kukizunguka. Weupe juu ya weupe: kinachoonekana ni vivuli vya matundu tu. Malevich naye alichora mraba mweupe juu ya weupe, mwaka 1918, na dunia ikashangaa. Huku kwetu waungwana wanauvaa kichwani kila Ijumaa.

Sasa tuutendee haki upande wa pili. Atakuja msomi aseme kwamba mkeka ni pambo la kitu cha matumizi, na mraba wa Malevich ni tamko. Kwamba msukaji anafuata alichorithi, na Kandinsky alivunja alichorithi. Kuna ukweli ndani yake. Malevich aliutundika mraba wake kwenye kona ya juu ya chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi huwekwa picha takatifu, akijua anachokoza. Msukaji wetu hakukusudia kumchokoza mtu, alikusudia watu wakae. Lakini tofauti hiyo ni ya nia na ya mahali kitu kinapowekwa. Jicho linalojua kwamba rangi hii ikae na ile, kwamba hapa parudiwe na pale paachwe, ni jicho lilelile.

Kwa hivyo anayetaka kuufurahia mchoro dhahania hana haja ya kuanza na nadharia. Ausikilize kama anavyosikiliza bashrafu kabla mwimbaji wa taarabu hajasimama. Kanuni inalia, udi unaitikia, fidla zinapanda na kushuka, na ukumbi mzima unatikisa kichwa; hakuna anayemgeukia mwenzake kumuuliza sauti ile ni picha ya nini. Kandinsky mwenyewe alikwenda njia hiyo. Alikuwa akipiga ala, baadhi ya michoro yake aliipa majina ya kimuziki, na mmojawapo aliuchora baada ya kuhudhuria tamasha la Arnold Schoenberg mwezi Januari 1911. Basi ukisimama mbele ya mchoro, tazama kinachorudiwa. Tafuta mahali mdundo ulipokatizwa, na kwa nini hapo. Angalia rangi ipi inasogea mbele na ipi inarudi nyuma. Ukimaliza unaweza kusema huupendi, hiyo ni haki yako. Lakini utakuwa umeukataa baada ya kuutazama.

Wako waliokwishaunganisha pande mbili hizi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner, mwaka 2017. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alichora mfululizo alioupa jina la Zanzibar, ambamo watu hawamo, zimo nakshi na rangi, na baadaye akachora kazi nyingi zinazofuata mpangilio wa kanga. Huko Bara, wachongaji wa Kimakonde wa Dar es Salaam walizusha mtindo wa mawingu, ambamo mpingo huacha sura ya mtu na kubaki mikunjo na uwazi unaopitisha mwanga. Hakuna aliyewalazimisha kuiga Ulaya.

Maduka ya Mji Mkongwe yanaeleza hadithi nyengine. Kuta zimejaa twiga, simba na Mlima Kilimanjaro, katika kisiwa ambacho hakina twiga, simba wala mlima. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968, una heshima yake, na wanaouuza hapa wanatafuta riziki ya halali. Ila kijana wa Jang'ombe mwenye kipaji akiona kinachonunuliwa ni twiga tu, atachora twiga. Mkeka wa bibi yake, wenye akili kubwa kuliko twiga wote wa mtaa ule, atauona ni kitu cha kukalia.

Tuna la kufanya, na si la gharama. Mwalimu wa sanaa alete kisutu na kipande cha ukili darasani, awaambie wanafunzi wahesabu, kisha wabuni wa kwao. Wenye hoteli wanaopamba vyumba kwa mikeka yetu waandike jina la aliyeisuka, kama wanavyoandika jina la mchoraji chini ya picha. Wanaosimamia makumbusho wavuke barabara, waje Ng'ambo waulize nani anashona kofia na nani anasuka, wakayaandike majina hayo wenyewe wangali hai. Na wewe msomaji, mara nyengine utakapokutana na mchoro usio na mtu wala mti, usikimbilie kusema huelewi. Umelelewa juu ya mkeka, unaelewa kuliko unavyodhani.