Mtoto wa Kolwezi na Hofu Inayosema Kweli

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi nchini Kongo, alichimba kiwanjani kwake akakuta mawe ya kobalti. Haikupita muda majirani nao wakaanza kuchimba, hata ndani ya vyumba, na mashimo yakapenya chini ya nyumba walimolala watoto. Mtoto wa mtaa kama huo akikataa kulala kwa kuogopa ardhi itamfungukia, tumwambie nini?

Tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960, humfundisha mtu kulidai ushahidi wazo linalomtisha, kisha kukisogelea kidogo kidogo kile anachokikimbia. Kolwezi ushahidi upo. Tarehe 27 Juni 2019 ukingo wa mgodi wa KOV uliporomoka ukaua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Hofu ya shimo inamlinda mtoto, na anayetaka kuing'oa anamdhuru.

Kazi basi ni kuzichambua hofu. Tuseme mvulana wa miaka tisa, baba yake huingia shimoni. Kila asubuhi tumbo linamsokota. Haendi shule, anashinda mlangoni akimngoja. Kwamba shimo ni hatari, kweli tupu. Kwamba akiondoka mlangoni baba atakufa, hapo wazo linamdanganya, na kila jioni baba anaporudi mzima mtoto anaamini kungoja kwake ndiko kulikomrudisha. Kukaa nyumbani kunailisha hofu.

Hapa pana mtego. Usimwambie, "Nenda shule, utaona baba atarudi." Huwezi kuweka uhai wa mtu rehani kwa ajili ya somo. Jaribio liwe juu ya mtoto mwenyewe: anadhani atazimia darasani? Akae kipindi kimoja, kesho viwili, kila mara akilinganisha alichotabiri na kilichotokea.

Wanasaikolojia ni wachache, lakini si lazima kuwangoja. Utafiti uliochapishwa 2013 ulihusu wasichana 52 wa mji wa Beni, nchini humohumo, walioumizwa na vita na ukatili wa kingono. Waliopata vikao 15 vya kikundi vya tiba hii, vikiongozwa na wafanyakazi wa jamii Wakongomani, walipungukiwa sana na hofu na huzuni. Vita si mgodi, ila njia ya kufundisha inaweza kuazimwa.

Baba naye ana sehemu yake. Asiahidi kwamba hatakufa. Amweleze mwanawe anakwenda shimo gani, na nani, na ni shangazi yupi atakayempokea shuleni siku yeye akichelewa.