Nani anasoma jina lako Vurra baada ya wewe kuvuka?

Simama dakika kumi kwenye kibanda cha pesa za simu karibu na forodha ya Vurra, asubuhi yenye wateja wengi. Mteja anataja namba yake ya simu kwa sauti, wakala anaiandika kwenye daftari, anaongeza jina, kiasi cha fedha, pengine na namba ya kitambulisho cha taifa, kisha anamgeuzia daftari atie sahihi. Anayetia sahihi anaona mistari ya wote waliomtangulia: nani ametoa milioni tatu, nani ametuma laki mbili, kwa namba ipi. Kompyuta haijaguswa, na siri za watu ishirini ziko mezani.

Nimeanza na daftari kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za wizi wa taarifa huwaza kijana aliyejifungia chumbani mbali huko, akivunja mitambo ya serikali. Wapo vijana wa namna hiyo. Lakini kwa anayepitisha vitenge, saruji, maharage au mbao kati ya Arua na Aru, hatari huwa karibu zaidi, na mara nyingi ina ufunguo halali mkononi.

Tazama kwanza kinachohifadhiwa. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, hupokea matamko ya forodha kwa mfumo wa ASYCUDA World, uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kongo nao wanautumia, kwa jina lake la Kifaransa, Sydonia. Ndani ya tamko moja mna jina la mwenye mzigo, namba yake ya mlipakodi, aliyemuuzia, aina ya bidhaa, uzito na thamani. Kwa ofisa wa forodha hiyo ni hesabu ya ushuru. Kwa mshindani wako ni ramani kamili: unanunua wapi, kwa bei gani, mara ngapi kwa mwezi. Kwa jambazi wa barabara ya Koboko ni kalenda. Hata mwenye mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, anayetumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, huacha jina lake kwenye karatasi.

Kisha kuna namba ya kitambulisho cha taifa, ile NIN yenye herufi na tarakimu 14. Yenyewe tu inasema mengi: herufi ya kwanza ni uraia, ya pili ni jinsia, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Laini ya simu husajiliwa kwa namba hiyo, na benki nayo huidai. Tangu Julai 2025 sheria ya kodi inaitumia pia kama namba ya mlipakodi kwa mtu binafsi. Serikali imepunguza usumbufu wa kubeba namba nyingi, hilo ni kweli. Ila ufunguo uleule sasa unafungua nyumba, duka na stoo. Neno la siri likivuja utalibadilisha jioni hiyohiyo. NIN hubadilishi.

Wanaolinda maghala haya ya taarifa, yawe kwenye kompyuta kuu za benki au seva za serikali, wana mbinu zao. Taarifa hufungwa kwa msimbo, ili anayeiba diski apate herufi zisizosomeka. Tarakimu hufichwa, ndiyo maana risiti hukuonyesha nne za mwisho tu. Kila mtumishi hupewa ruhusa ya kuona kile tu kinachohitajika kwa kazi yake: karani wa Vurra hana haja ya kuona mizigo ya Malaba. Na mfumo huandika nyayo, yaani nani alifungua faili gani, saa ngapi. Jambo moja husahaulika sana: nakala za majaribio. Mafundi wanapojaribu programu mpya huchukua nakala ya taarifa halisi za wateja na kuipeleka kwenye kompyuta isiyo na ulinzi wowote. Ghala kuu lina kufuli saba, nakala iko kwenye kompyuta ya mkononi ndani ya teksi.

Lakini ufundi wote huo hudhoofika pale mtu anapoingia kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Kupambana na Ufisadi mjini Kampala iliwapeleka gerezani watu walioingia kwenye mfumo wa forodha wa URA bila ruhusa, wakishtakiwa kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Walipita kwa nywila za watumishi, na magari yakaonekana yamemaliza taratibu za ushuru. Oktoba 2020 ikawa zamu ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tangazo la pamoja kwamba huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zimesimamishwa, zikisema salio za wateja ziko salama. Salio salama ni faraja, lakini aliyekuwa na lori linalosubiri malipo ya benki siku hizo alijua kusimama kwa huduma ni hasara pia.

Sasa rudi Vurra. Tuseme mama anayeuza vitenge anampa wakala wa forodha namba yake ya mlipakodi pamoja na nywila ya akaunti yake ya URA, kwa sababu mtandao unasumbua na jua linazama. Mzigo wake unapita. Miezi kadhaa baadaye wakala anapitisha simenti ya mtu mwingine kwa namba ileile. Nyayo za kompyuta zitasema mwenye mzigo ni yule mama, na hesabu ya kodi itamfuata yeye. Kuthibitisha kwamba hukuagiza kitu ni kazi ngumu kuliko kuthibitisha kwamba uliagiza. Ndiyo maana nywila haipaswi kutoka mkononi, wakala awe shemeji au jirani. Na leja yako kwenye tovuti ya URA inafaa kufunguliwa kila mwezi, jinsi unavyohesabu magunia.

Kwa Uganda kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Inamruhusu mtu kuuliza taasisi yoyote ina taarifa gani kumhusu, na kujibiwa ndani ya siku 30. Anayetoa au kuuza taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia mbili ya mapato yake ya mwaka. Taarifa zikivuja, taasisi inatakiwa kuiarifu mara moja Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hapo ndipo sheria imelegea, kwa maoni yangu: ofisi ndiyo inayoamua kama wewe mwenye taarifa uambiwe. Mfanyabiashara anayelala Ariwara usiku huo ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kujua.

Ulinzi huo haumhusu Mganda peke yake. Mkongo aliyeandikwa kwenye daftari la kibanda cha Vurra analindwa na sheria hiyo, kwa kuwa taarifa zimekusanywa ndani ya Uganda, na daftari la karatasi nalo ni kumbukumbu. Anaweza kumwambia wakala afunike mistari ya juu kwa kipande cha boksi kabla ya kutia sahihi. Nimeona wakala akifanya hivyo baada ya kuombwa mara moja tu, bila ugomvi.

Akivuka mstari mambo hubadilika. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023, yenye masharti yake yenyewe. Kenya ina sheria yake ya 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania ya 2022. Mzigo mmoja kutoka Mombasa hadi Aru huacha jina la mwenyewe katika nchi tatu, na likivuja, itabidi kwanza ajue limevujia wapi ili ajue alalamike kwa nani.