Kabichi Ndani ya Jeli

Aliyewahi kuacha supu ya makongoro kwenye friji mpaka asubuhi anaijua jelatini, hata kama hajawahi kuona pakiti yake dukani. Supu imeganda, kijiko kinasimama wima, na ukigusa sufuria yote inatetemeka. Kolajeni, ile protini ngumu ya ngozi na kano, imechemka kwa saa nyingi mpaka nyuzi zake zikafumuka; zilipopoa zikasokotana tena ovyo ovyo, zikayanasa maji katikati. Ipashe moto, inarudi kuwa supu.

Kwa ufundi huohuo Wamarekani walijitengenezea chakula cha sikukuu ambacho leo wajukuu wao wanakicheka: saladi iliyoganda. Katikati ya karne ya 20, meza nyingi za Krismasi na za Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba, zilipambwa kwa duara la jeli linalong'aa, na ndani yake kabichi, karoti, seleri, pengine hata samaki wa kopo. Mara nyingi jeli yenyewe ilikuwa ya kijani, tamu, yenye ladha ya ndimu, na juu yake mayonezi. Ndiyo, waliila, na wageni wakaomba maelekezo ya kuipika.

Hapo zamani jeli ilikuwa ya matajiri. Mpishi alichemsha miguu ya ndama karibu siku nzima, akaengua mafuta, akatia ute na maganda ya mayai ili yakamate uchafu, kisha akachuja kwa mfuko wa flaneli. Mfuko haukukamuliwa, ulining'inizwa ukadondoka wenyewe, maana ukiukamua jeli inatoka na ukungu. Baada ya hapo ilitakiwa barafu, wakati friji hazijazaliwa. Jeli angavu ikiletwa mezani, mgeni alijua bila kuambiwa kwamba nyumba hii ina mpishi, ina barafu, na haina haraka.

Mwaka 1845 Peter Cooper, mwenye viwanda wa New York, alipata hataza ya jelatini ya unga. Haikumtajirisha. Mwaka 1897 Pearle Wait, wa mji mdogo wa LeRoy, akaichanganya na sukari na ladha ya matunda, na mkewe May akaipa jina Jell-O. Nao hawakuona faida: mwaka 1899 waliiuza kwa dola 450 kwa jirani yao Orator Woodward, na utajiri ukaenda kwake. Mwaka 1905 Bi. John E. Cook wa Pennsylvania alipeleka kabichi na seleri ndani ya jeli yenye siki kwenye shindano la kampuni ya jelatini ya Knox. Alishika nafasi ya tatu, na zawadi yake ikawa cherehani. Saladi yake ilizaa nyingine nyingi.

Kwa nini kabichi ifungiwe ndani ya jeli? Walimu wa sayansi kimu wa enzi hiyo walipenda chakula kilichotiishwa. Majani yaliyotapakaa kwenye sahani yaliwaudhi. Ndani ya jeli kila kipande kilikaa mahali pake. Jeli pia ilificha umaskini, kwani wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 mabaki ya kuku na kopo la njegere viliweza kupanda mezani vikiwa na heshima. Kisha friji ikaingia majumbani, na jeli ikawa namna ya kuionyesha.

Saladi ikitiwa nanasi, maelekezo ya wakati huo yanasisitiza la kopo, si bichi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, kazi ileile inayofanywa na papai bichi tunalopaka nyama ya mshikaki ili ilainike. Jeli yenye nanasi bichi haigandi kamwe. La kopo limeshapikwa, kwa hiyo kimeng'enya kimekufa.

Nadhani saladi hii iliuawa na wepesi wake. Kila nyumba ilipokuwa na friji, na pakiti ikauzwa kwa senti chache, jeli haikuwa tena na la kumwambia mgeni. Angalia Urusi: kholodets, nyama iliyogandishwa kwa mchuzi wa miguu, bado inachemshwa kwa saa nyingi kila Mwaka Mpya, na bado inaheshimiwa.

Pwani yetu nayo ina jeli yake, faluda ya Ramadhani, lakini hii huganda kwa agaaga, inayotokana na mwani. Agaaga ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, ilhali jelatini huanza kulegea kwenye nyuzi 30 hivi. Joto la Mombasa la mwezi wa pili lingeiyeyusha faluda ya jelatini kabla ya futari. Zaidi ya hapo, jelatini nyingi hutoka kwenye ngozi ya nguruwe.

Kuna kitu kimoja kinachoipinga dhana yangu kwamba wepesi ndio ulioiua saladi. Mchuzi wa kranberi wa kopo, ulioganda kwa pektini ya matunda yenyewe, bado unaletwa mezani kwa Wamarekani kila Novemba. Unaserereka kutoka kwenye kopo ukiwa na alama za mikunjo ya bati ubavuni, na hakuna aliyeutolea jasho. Pengine umeponea kwa bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani: nyama yake ni kavu, na lazima kitu fulani kiiteremshe.