Mpigapicha chipukizi: Kutoka picha moja ya gazeti hadi simulizi ya sauti na video

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa miaka ya 2000, kijana mmoja aliyekulia katika biashara ya kuuza vitabu kwenye mitaa ya Nairobi alisoma habari za maisha ya mpigapicha Mohamed Amin. Kitabu hicho kilimbadilishia njia. Kijana huyo, Boniface Mwangi, aliyezaliwa mwaka 1983, aliamua kwamba naye atashika kamera.

Haukupita muda mrefu kabla hajawa mpigapicha wa gazeti la The Standard nchini Kenya. Mwaka 2008, na tena mwaka 2010, alitangazwa mpigapicha bora wa habari barani Afrika katika mashindano ya wanahabari yaliyoandaliwa na CNN. Mashindano hayo yalikuwa na tuzo ya picha iliyobeba jina la Mohamed Amin mwenyewe.

Hata hivyo, simulizi ya kijana huyu haiishii kwenye tuzo. Inaeleza mabadiliko makubwa yaliyoikumba kazi ya upigaji picha za habari katika kipindi cha miaka michache tu. Mpigapicha aliyezoea kuleta picha moja kwa mhariri alijikuta akitakiwa kuleta pia sauti, video na hata simulizi nzima.

Ni vyema basi kuyatazama mabadiliko hayo kwa makini, kwa kuwa yanamgusa kila kijana anayeitamani kazi hii leo.

Picha moja, nafasi finyu

Katika gazeti la karatasi, mpigapicha hupiga mamia ya picha katika tukio moja, lakini inayochapishwa mara nyingi ni moja. Mhariri wa picha huchagua, msanifu wa kurasa hupunguza kingo zake ili ienee katika safu, kisha huwekwa mstari mmoja au miwili ya maelezo chini yake.

Picha hiyo moja hubeba mzigo mzito. Inapaswa kumweleza msomaji nani, wapi na nini, na wakati huohuo imfanye asimame kabla hajafungua ukurasa unaofuata.

Kwa chipukizi, hapo ndipo panapokuwa na funzo la kwanza. Hujifunza kusubiri, kusogea karibu, na kukisia jambo litakalotokea kabla halijatokea. Hujifunza pia kwamba maelezo ya picha ni sehemu ya habari: jina likikosewa, picha nzuri hugeuka kuwa kosa linalohitaji kuombewa radhi.

Funzo la pili ni uaminifu. Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraq, mpigapicha wa Los Angeles Times alifutwa kazi baada ya kubainika kuwa aliunganisha picha mbili kwa kompyuta na kuzifanya zionekane kuwa ni moja. Askari alikuwapo kweli, na wananchi walikuwapo kweli, lakini tukio lililoonekana katika picha ile halikuwahi kutokea namna ile. Kosa hilo moja lilitosha kumpotezea kazi.

Machafuko yaliyobadili kila kitu

Wakenya walipiga kura Desemba 27, 2007. Matokeo yalipotangazwa yalizua mabishano, na machafuko yakalipuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu ya wananchi waliyahama makazi yao, hadi viongozi walipotia saini mkataba wa maridhiano Februari 28, 2008.

Mwangi alikuwa na umri wa miaka 24. Siku baada ya siku aliingia mitaani akiwa na kamera, akawapiga picha wenye mapanga, wenye mishale, polisi, waliojeruhiwa na waliokufa.

Hapo ndipo mipaka ya gazeti inapoonekana. Hakuna mhariri anayeweza kuchapisha yote yaliyopigwa katika siku za namna hiyo. Picha nyingine ni za kutisha mno kuwekwa mezani mbele ya watoto. Nyingine huhofiwa kuchochea visasi. Nyingi hukosa tu nafasi. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi hubaki katika kompyuta ya mpigapicha, nayo nchi huendelea na safari yake kana kwamba hakuna aliyeona.

Mwangi aliacha kazi ya gazeti. Mwaka 2009 alianzisha maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani. Badala ya kungoja wananchi waje katika ukumbi, picha zilipelekwa kwao: zilitundikwa mahali pa wazi katika miji mbalimbali, wapita njia wakasimama na kutazama yale yaliyotendwa na majirani zao, na pengine na wao wenyewe. Aidha, ilitengenezwa filamu fupi ya kueleza machafuko yale na haja ya kuponya nchi.

Kwa maneno mengine, picha zilezile zilibadilishiwa njia ya kumfikia mtazamaji. Maana yake nayo ikapanuka. Picha moja ukurasani ni taarifa. Picha nyingi zilizopangwa kwa utaratibu, zikifuatana na sauti za walioathirika, ni ushuhuda.

Sauti inapoungana na picha

Wakati huohuo, magazeti duniani yalikuwa yakihamia kwenye intaneti, na huko hakukuwa na uhaba wa safu. Hapo ndipo ilipostawi aina ya simulizi ambayo wataalamu huiita media anuwai: picha mgando, sauti, video na maandishi vikishirikiana kueleza jambo moja.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni mfululizo wa gazeti la New York Times wa mwaka 2009 ulioitwa One in 8 Million. Ulikuwa na simulizi 54 za wakazi wa kawaida wa New York. Picha zake, zote nyeusi na nyeupe, zilipigwa na Todd Heisler, na kila mhusika alieleza maisha yake kwa sauti yake mwenyewe. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya Emmy, tuzo ambayo kwa desturi ni ya televisheni.

Kanuni za simulizi ya aina hii si ngumu kuzieleza, ingawa utekelezaji wake unahitaji subira.

Kwanza, sauti hutangulia. Mpigapicha hurekodi mazungumzo, huyahariri hadi yabaki dakika mbili au tatu zenye uzito, kisha hupanga picha juu yake. Ikiwa kila picha itakaa kwenye skrini kwa sekunde tano, simulizi ya dakika mbili inahitaji picha 24. Aliyerudi na picha tatu nzuri, ambazo zingetosha kabisa kwa gazeti, atajikuta amepungukiwa.

Pili, picha zinapaswa kutofautiana: za mbali zinazoonyesha mahali, za kati zinazoonyesha kazi inavyofanyika, na za karibu zinazoonyesha mikono, uso au kifaa. Bila mchanganyiko huo mtazamaji huchoka upesi.

Tatu, sauti za mazingira ni sehemu ya habari. Mlio wa cherehani, mawimbi, kengele ya shule au ukimya wa wodi humfikisha msikilizaji mahali penyewe. Kinasa sauti kinapaswa kuwa karibu na mdomo wa msemaji, na mlio wa kamera usiingilie maneno yake.

Nne, mwandishi hujiondoa. Mhusika akieleza mwenyewe, kwa lafudhi yake na kwa vituo vyake, maelezo ya mwandishi huwa hayahitajiki sana. Picha inayofuatana na sauti yake humpa mhusika nafasi ya kujieleza, jambo ambalo picha ya gazeti peke yake haiwezi.

Mikono miwili, kazi tatu

Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya 5D Mark II, ambayo ilipiga picha za kiwango cha juu na pia kurekodi video. Tangu hapo ikawa rahisi kwa wenye vyombo vya habari kumwambia mpigapicha alete vyote viwili.

Ugumu ni kwamba tukio ni moja na mikono ni miwili. Aliye katika video hawezi kukatiza ili apige picha, kwani video hutaka utulivu na muda. Anayepiga picha naye huwinda nukta moja ya sekunde. Chipukizi hulazimika kuamua mapema: je, habari hii nguvu yake imo katika mwendo, katika sauti, au katika tendo moja litakalotulia machoni? Asiyeamua hurudi na vyote, lakini vyote vikiwa nusunusu.

Mohamed Amin aliukabili mtihani huo miaka mingi kabla ya kamera za kidijitali. Alianza upigaji picha akiwa kijana Dar es Salaam, ambako mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix, na alijulikana kwa kubeba kamera ya picha mgando pamoja na ya filamu. Filamu yake ya njaa ya Korem, Ethiopia, iliyorushwa na BBC Oktoba 1984 kwa maelezo ya Michael Buerk, iliamsha dunia ikatoa misaada.

Lakini ujuzi mwingi haujawa kinga ya ajira. Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28, na waandishi wakafundishwa kupiga picha kwa simu za iPhone. Kwa upande wa wapigapicha wa kujitegemea, wengi hulipwa kwa picha iliyochapishwa tu, huku kamera, lenzi, nauli na matibabu vikiwa juu yao.

Jeraha lisiloonekana

Gharama nyingine haihesabiki kwa fedha. Mogadishu, Julai 12, 1993, wanahabari wanne waliuawa na kundi la watu wenye hasira baada ya shambulio la helikopta za Marekani: Dan Eldon, aliyekuwa na umri wa miaka 22, pamoja na Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa, mlipuko uliomuua mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai.

Wapo pia wanaorudi salama kwa mwili tu. Mwangi amekwisha kueleza hadharani jinsi yale aliyoyashuhudia mwaka 2007 na 2008 yalivyomwandama na kumtia sononi. Kamera humpa mpigapicha kisingizio cha kutazama pale ambapo wengine hufumba macho, lakini haizuii alichokitazama kisimfuate nyumbani. Chumba cha habari kinachomtuma kijana katika maafa kinapaswa kumuuliza, atakaporejea, habari za picha zake na pia habari zake yeye.

Kumbukumbu ziko wapi?

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalifikirii. Simulizi nyingi za intaneti za miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa programu ya Flash. Programu hiyo ilisitishwa rasmi Desemba 31, 2020, na kazi nyingi zilizojengwa juu yake hazifunguki tena kwa njia ya kawaida. Gazeti la karatasi la mwaka 1964 bado linasomeka maktaba. Simulizi ya mwaka 2006 huenda haionekani.

Hivyo basi, mwenye busara huhifadhi malighafi: picha asili, sauti ambayo haijakatwa, majina na tarehe, kila kimoja peke yake na katika nakala zaidi ya moja.

Mwangi baadaye aliingia katika uanaharakati na siasa, akagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 bila kushinda. Mwaka 2020 yeye mwenyewe akawa mhusika wa filamu iitwayo Softie, iliyoongozwa na Sam Soko na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance. Mpigapicha akageuka kuwa mpigwa picha.

Vifaa vitaendelea kubadilika. Hata hivyo swali la mhariri kwa kijana anayerudi na kamera begani limebaki lilelile: umeona nini, na una hakika? Mwenye jibu la kweli ataajiriwa na picha moja au na simulizi nzima. Asiye nalo, hata akiwa na kamera tano, bado hajapiga picha.