Programu mbili zinapogombea nyimbo zako

MKAZI wa Mchikichini, jijini Dar es Salaam, aliyehifadhi nyimbo za Mbaraka Mwinshehe kwenye kompyuta anaweza kukuta wimbo aliousikiliza jana haufunguki leo. Mara nyingi haujapotea, umebadilishwa jina.

Programu za kutunza muziki, kama iTunes na Windows Media Player, zinaweza kubadili majina ya faili kwa kufuata maelezo yaliyomo ndani yake: jina la wimbo, msanii na albamu. Zote mbili zikiruhusiwa katika folda moja, moja hubadili jina na nyingine huendelea kuutafuta wimbo kwa jina la zamani. Aidha, maelezo yakisema “Mbaraka Mwinshehe” hapa na “Mbaraka Mwinshehe Mwaruka” pale, msanii mmoja hugawanywa katika folda mbili.

Ili kuepuka hali hiyo, kwanza weka nakala ya nyimbo zote katika diski nyingine. Pili, iachie programu moja tu kazi ya kubadili majina. Tatu, andika jina la kila msanii kwa namna moja.

Unaponakili, usikubali faili ichukue nafasi ya nyingine yenye jina hilohilo kabla ya kuzisikiliza zote mbili, kwani ya awali hufutika. Mafahali wawili hawakai zizi moja.